Mwanafunzi wa Lugha Katika Karamu ya Mabingwa

Katika shule na vyuo vingi vinavyofundisha lugha za kigeni pana desturi ya kutenga siku moja katika mwaka ya kuwaadhimisha waandishi na watunzi wa muziki wa Zama za Mwamko wa Ulaya. Siku hiyo ikifika, picha ya Shakespeare hutundikwa ukutani, muziki wa Palestrina husikizwa, mwalimu husoma miaka ya kuzaliwa na ya kufa, wanafunzi hupiga makofi, kisha kila mtu hushika njia yake. Nilipata kualikwa katika maadhimisho ya namna hiyo ili niseme maneno machache. Nikasema, nikashukuriwa. Nilipokuwa nikikusanya karatasi zangu, kijana mmoja aliyeketi nyuma kabisa aliniuliza swali hili: Je, mabingwa hawa walipata kuona haya ya kukosea lugha? Watu wakacheka. Mimi nami nikatabasamu, nikajibu kwamba ukubwa wao ndio uliowaokoa na aibu hiyo. Jibu langu lilikuwa baya, na tangu siku hiyo najiona mdeni. Insha hii ni malipo ya deni hilo.

Kwanza yafaa tukumbuke hali ya zama zenyewe. Elimu ya Ulaya ilikuwa imevikwa joho la Kilatini, na mtoto wa shule huko Uingereza alitiwa Kilatini kichwani kabla hajafundishwa uzuri wa lugha ya mama yake. Papo hapo lugha za nyumbani zilikuwa zikiinua vichwa, na wafanyabiashara, askari, wajumbe na wakimbizi wa dini walivuka mipaka wakalazimika kusema kwa ndimi za wenyeji wao. Katika London, John Florio alitoa kitabu cha mazungumzo ya Kiitalia na Kiingereza mwaka 1578, akatoa kingine mwaka 1591, na kamusi ya lugha hizo mbili mwaka 1598. Vitabu kama hivyo havichapishwi pasipo na wanunuzi. Kwa hiyo mwanafunzi wa lugha si mgeni aliyepenya kwa siri katika karamu ya zama hizo. Ni mmoja wa watu wa nyumba ile.

Ushahidi wa pili watoka kwa mtu wa muziki. Thomas Morley alitoa mwaka 1597 kitabu cha kufundishia kuimba na kutunga, nacho kimeandikwa kwa namna ya mazungumzo baina ya mwalimu na wanafunzi wake. Kinaanza kwa kisa cha aibu. Kijana aitwaye Philomathes, jina ambalo kwa Kiyunani lina maana ya mpenda elimu, alialikwa chakula cha jioni. Baada ya kula, vitabu vya muziki vililetwa mezani, na mama wa nyumba akampa kijana sehemu yake aimbe pamoja na wenziwe. Kijana akasema hawezi. Waliohudhuria wakashangaa, na baadhi yao wakanong'onezana wakiuliza huyu alilelewa wapi. Haya hiyo ndiyo iliyomtoa nyumbani kumtafuta mwalimu.

Msomaji atazame vizuri jambo hili. Morley alikuwa bingwa wa sanaa yake, na angaliweza kufungua kitabu kwa sifa za muziki au kwa majina ya wakubwa. Akachagua kukifungua kwa fedheha ya mtu asiyejua. Alifahamu kwamba mlango wa elimu mara nyingi ni uso ulioiva kwa haya. Kadhalika desturi ya mezani aliyoieleza ina fundisho lake. Nyimbo za sauti nyingi za wakati ule aghalabu zilichapwa katika vitabu mbalimbali, kila sauti na kitabu chake. Mwimbaji mmoja hakuwa na wimbo mzima mkononi. Alikuwa na kipande tu, na kipande hicho peke yake pengine hakikuwa na ladha. Wimbo ulizaliwa pale watu wanne au watano walipofungua vinywa pamoja. Lugha nayo ni hivyo hivyo. Hapana aliye nayo yote kitabuni mwake, na asiyethubutu kutoa sauti yake hatajua wimbo unasema nini.

Hata hapa ningeweza kumwambia yule kijana: Naam, waliijua aibu yako, tena waliihurumia. Lakini jibu hilo lingekuwa nusu ya ukweli, na nusu ya ukweli ni jirani ya uongo. Zama za Mwamko zilimwonea mwanafunzi wa lugha huruma, nazo zilimcheka. Ili tuone kicheko hicho hatuna budi kwenda kwa mtunzi mkubwa kuliko Morley.

Orlando di Lasso alizaliwa Mons, mji ambao leo u katika Ubelgiji, mwaka 1530 au 1532, akafa Munich mwaka 1594. Akiwa mtoto alipelekwa Italia katika utumishi wa mkuu mmoja. Akakaa Napoli, akaongoza waimbaji wa kanisa la Mtakatifu Yohane wa Laterano katika Roma, na kuanzia mwaka 1556 akamtumikia mtawala wa Bavaria katika nchi ya Wajerumani hadi kufa kwake. Alitunga nyimbo zaidi ya 2,000 katika Kilatini, Kiitalia, Kifaransa na Kijerumani. Barua zake kwa Wilhelm wa Bavaria zimebaki, na ndani yake lugha hizo nne huchezeana kama watoto katika ua mmoja, sentensi ikianza kwa moja na kuishia kwa nyingine. Basi, kama yuko mtu aliyestahili kuadhimishwa na wanafunzi wa lugha, ni huyu. Maisha yake yote aliishi ugenini, akila kwa ndimi za watu wengine.

Mwaka 1581 kitabu chake cha nyimbo nyepesi kilichapwa Paris. Ndani yake umo wimbo uitwao Matona mia cara, ambao vikundi vya waimbaji duniani huuimba hata leo. Anayesema katika wimbo ni askari wa Kijerumani aliyesimama chini ya dirisha la bibi wa Kiitalia, akimbembeleza kwa Kiitalia kibovu. Jina lenyewe la wimbo ni kosa: alitaka kusema Madonna, lakini ulimi wake ukaifanya d kuwa t. Vitendo anavitumia bila ya kuvinyambua, kama mgeni wetu asemaye “mimi kupenda wewe, wewe kusikia mimi.” Kiitikio chake ni mlio tu, kuiga nyuzi za kinanda ambacho ni ndugu ya udi wetu wa pwani. Anamwahidi bibi ndege wanono wa mawindo. Anakiri kwamba hana maneno mazuri, kwamba hamjui mshairi Petrarca, wala hajui chemchemi ya washairi ya Helikoni. Mwisho wa maneno yake ni matusi, na mwalimu wa watoto itampasa achague beti za kuimbisha.

Nani humcheka nani katika wimbo huu? Askari mamluki wa Kijerumani hawakuwa watu wa mchezo katika Italia. Mwaka 1527 walikuwa miongoni mwa majeshi yaliyouteka mji wa Roma, wakapora, wakaua. Mwitalia aliyeigiza matamshi ya askari alikuwa akimwondolea upanga wake kwa muda wa wimbo mmoja. Hicho ni kicheko cha mnyonge juu ya mwenye nguvu. Sisi twakijua kicheko hicho. Kenya ya ukoloni ilikipa jina Kiswahili cha walowezi, kikaitwa Kisetla, na hata leo huigizwa kwa kuchekesha watu. Bwana yule aliamuru nyumba, shamba na mahakama, lakini ngeli za Kiswahili hazikumtii.

Tena iko siri katika muziki wenyewe. Maneno ya askari yamevunjika, ila muziki wake haukuvunjika. Lasso amempa mtu huyu sauti nne zilizopatana, mwendo wa upole, na kiitikio kitamu. Sarufi yamwangusha, muziki wamwinua. Nathubutu kusema kwamba mtunzi, aliyekuwa mgeni kila alikokaa, alicheka kwa kinywa huku sikio lake likikaa upande wa askari. Kwa sababu hiyo wimbo haukufa pamoja na mzaha wake.

Lakini kitabu hicho hicho cha mwaka 1581 kina nyimbo za aina nyingine ziitwazo moresche. Humo wasemao ni Waafrika, watumwa katika Napoli, wakigombana na kubembelezana kwa Kinapoli kilichovunjwa na kuchanganywa na maneno ambayo wasikilizaji wa Ulaya hawakuyafahamu. Maneno hayo yalidhaniwa kuwa ni mapayo matupu, sauti za kuchekesha zisizo na maana. Wachunguzi wa siku hizi wameyachungua upya, wakatambua miongoni mwake maneno ya Kikanuri, lugha ya nchi ya Bornu. Kilichochekwa kama upuuzi kilikuwa lugha ya watu, iliyovushwa jangwa na bahari katika vinywa vya watu waliouzwa.

Hapa kicheko kimegeuka. Mtunzi ni yule yule, ufundi ni ule ule, sauti zimepatana vile vile. Lakini sasa mwenye nguvu amcheka mnyonge, na mnyonge hana dirisha la kukimbilia. Askari wa Matona alikosea Kiitalia kwa kuwa alikuja kuteka. Mtumwa wa Napoli alikosea Kinapoli kwa kuwa alitekwa. Kosa la sarufi laweza kuwa moja, lakini haki ya kulicheka si moja. Mhakiki asiyeweza kupambanua vicheko hivi viwili hajakisoma kitabu cha Lasso, hata akijua kila noti yake.

Msomaji ataniwia radhi nikitaja habari zangu. Mimi ni mtu wa bara. Kiswahili nilikipata shuleni, na ulimi wangu ulikuwa na desturi ya kubadilisha r na l kama mtu abadilishaye viatu gizani. Siku moja nilisimamishwa nisome mbele ya darasa, na mahali palipoandikwa “kula” nikasema “kura.” Darasa likacheka, na mwalimu akacheka pamoja nalo. Tangu siku ile hadi mwisho wa muhula sikufungua kinywa katika somo hilo. Leo nafundisha Kiswahili, na wanafunzi wangu wamo Waafrika na wamo wageni watokao mbali. Mara nyingi nimejikamata nikitabasamu kwa makosa ya mmoja na kukunja uso kwa makosa yale yale ya mwingine. Mgeni akikosea twamwita jasiri. Mwenzetu wa bara akikosea twamwita mshamba. Ndiyo maana swali la yule kijana halikuwa dogo.

Sasa na twende kwa Shakespeare, ambaye picha yake ilikuwa ukutani siku ile. Katika mchezo wa Henry wa Tano, unaodhaniwa kuwa wa mwaka 1599, iko barza fupi ambayo karibu yote ni Kifaransa. Binti mfalme Katherine wa Ufaransa amwomba mwanamke wake Alice amfundishe Kiingereza. Wanaanza na mwili: mkono, vidole, kucha, kiwiko, shingo, kidevu. Binti akosea, arudia, ajisifu, na maneno mawili ya mwisho yamtia haya kwa sababu katika sikio la Kifaransa yafanana na matusi. Barza hii huchekesha, na walimu wengi huitumia kwa kuwa inafaa darasani. Wachache huuliza mbona imewekwa pale ilipo. Kabla yake tu, mji wa Harfleur umesalimu amri kwa Waingereza. Binti hajifunzi kwa kupenda safari. Yeye mwenyewe asema hana budi kujifunza. Ameona majeshi yako njiani, na aanza kuyataja maungo yake kwa lugha ya yule atakayeyatawala.

Hata hivyo Shakespeare hakumwacha bila ya malipo. Mwishoni mwa mchezo mfalme Henry, mshindi wa vita, amposa binti huyo, na sasa ni zamu yake kusema Kifaransa. Ulimi wake wagongana na meno, naye akiri kwamba kwake kuiteka nchi ni rahisi sawasawa na kusema Kifaransa zaidi ya hapo. Kwa muda mfupi mwenye nguvu amekuwa mwanafunzi, na mizani imekaa sawa. Si haki kamili, kwa maana nchi imekwisha kutekwa, lakini mwandishi alijua kwamba mwenye kumcheka anayejifunza apaswa naye kuonja kujifunza.

Mwanafunzi wa mwisho katika karamu hii ni Caliban wa mchezo wa Tufani, uliochezwa mwaka 1611. Kisiwa kilikuwa chake. Wageni wakaja, wakamfundisha lugha, wakamfanya mtumwa. Wanapomkumbusha wema wa kumfundisha kusema, ajibu kwamba faida aliyoipata ni kujua kulaani. Waandishi wa nchi zilizotawaliwa wamelishika sana jibu hilo. George Lamming wa Barbados alilitafakari katika kitabu chake cha mwaka 1960, na Aimé Césaire wa Martinique akaandika mchezo huu upya katika mwaka 1969. Wamefanya vyema. Ila mimi naomba tutazame mahali pengine katika mchezo huo huo. Walevi wawili wageni waogopa wanaposikia ngoma na filimbi zinazolia hewani bila ya mpigaji. Caliban ndiye awatulizaye. Awaeleza habari za sauti za kisiwa, jinsi zinavyofurahisha wala hazidhuru, jinsi zinavyomlaza usingizi na kumpa ndoto nzuri hata akaamka akilia ili alale tena. Maneno hayo ni miongoni mwa maneno matamu ya mchezo mzima, na mwandishi hakumpa mwenye vitabu vya uganga, wala mwana wa mfalme. Alimpa yule ambaye walimu wake walisema hajui kitu.

Twaweza kusema basi kwamba lugha aliyofundishwa Caliban kwa utumwa ilizaa laana pale alipomjibu bwana, ikazaa ushairi pale aliposema habari za kwao. Laana ni jibu. Ushairi ni mali yake mwenyewe.

Jambo hili halikubaki katika mchezo tu. Mwaka 1963 Julius Nyerere, Rais wa Tanganyika, alitoa tafsiri yake ya mchezo wa Shakespeare juu ya Kaisari wa Roma, nayo iliitwa Julius Caezar. Mwaka 1969 akaitoa tena baada ya kuisahihisha, na safari hii ikaitwa Juliasi Kaizari. Tazama jina hilo lilivyosafiri. Katika muda wa miaka sita, Mrumi aliyekuja kwetu kwa mavazi ya Kizungu alikuwa amevuliwa viatu mlangoni na kukaribishwa mkekani. Mwaka huo huo ukatoka Mabepari wa Venisi, ambamo mfanyabiashara mmoja wa jina la Kiingereza amekuwa wengi, tena amekuwa bepari; mfasiri amehukumu kabla ya pazia kufunguliwa. Mtu aweza kuikubali hukumu hiyo au kuikataa, lakini hawezi kusema kwamba ni kazi ya mwanafunzi aliyenyamaza. S. S. Mushi naye alitoa Makbeth mwaka 1968 na Tufani mwaka 1969. Hivyo katika mwaka ule ule Césaire alipomjibu Shakespeare kwa Kifaransa, Caliban alikuwa akisema Kiswahili. Waliofundishwa lugha ya mtawala hawakuishia kulaani kwa lugha hiyo. Walirudi nyumbani na mali yake wakaipima kwa mizani yao.

Ikiwa hivyo ndivyo, maadhimisho yetu yabadilike. Sisemi picha ziteremshwe wala miaka isisomwe. Asiyejua miaka hupotea njia. Nasema mwanafunzi asialikwe kama mgeni wa arusi anayeonyeshwa sinia kisha linapitishwa mbele yake. Apewe kitabu cha sauti yake, aimbe pamoja na wenziwe japo kwa kukosea. Aigize somo la Katherine, kisha aambiwe habari za Harfleur. Asome maneno ya Caliban juu ya muziki katika lugha anayojifunza, ayafasiri kwa lugha ya mama yake, na wenziwe wamsikilize. Asikilizapo Matona, aulize ni nani acheka na nani achekwa. Na asifichwe zile nyimbo nyingine za kitabu kile. Bingwa hapungukiwi kwa kuonwa mzima. Anayepungukiwa ni yule aliyefichwa nusu yake.

Nami sasa namjibu kijana wa nyuma, ikiwa macho yake yatafika ukurasa huu. Ndiyo, ndugu yangu, waliijua haya hiyo. Mmoja aliifanya mlango wa kitabu chake. Mwingine aliitungia sauti nne, mara kwa upole, mara kwa ukatili. Wa tatu alimtia mfalme katika haya hiyo, na kwa mtumwa akaitoa kama ushairi. Siku ile watu walipokucheka, nami nikatabasamu, tulikuwa tukiimba moresca bila ya kujua. Mwaka ujao nikialikwa tena, nitakuja bila ya karatasi, na nitaomba wewe uanze.